Nilivyomtia Mkaidi Adabu

Kaka yangu mpendwa,

Usiisome barua hii umekaa. Simama, vua kofia, kwa maana unaandikiwa na mtu mkubwa. Tangu mto wetu unapochuruzika kutoka kwenye miamba mpaka unapopita chini ya daraja la reli, hakuna binadamu anayejua ufito wa kuvulia kunishinda mimi. Samaki wenyewe wana habari. Nikitia mguu majini, trauti wakubwa huwanyamazisha wadogo kwamba mheshimiwa amefika. Juzi mmoja aliruka mwenyewe akatua ukingoni, nikamrudisha majini nikamwambia angoje zamu yake kama wenzake. Najua unacheka. Cheka polepole, barua bado ndefu.

Sasa salamu, maana Mama amechungulia begani kwangu akaniuliza kama siku hizi watu huanza na majivuno ndipo waulizane hali. Hujambo, Kaka? Mwili una nguvu? Macho yanaendeleaje na hizo cheche za kuchomelea vyuma? Mama anasema kama bado unafanya kazi bila miwani kwa sababu ya haraka, yeye atakuja huko bila haraka yoyote akuvalishe mwenyewe mbele ya wenzako. Sisi huku tu wazima. Goti lake lilimsumbua wakati wa baridi, sasa limetulia, ila hapendi likumbushwe. Bati la jikoni lililokuwa likivuja nimeliziba mimi. Sasa linavuja upande mwingine, lakini ule upande nilioziba mimi ni mkavu kabisa, njoo uone.

Barua yako tuliipata. Niliisoma kwa sauti, na pale unaposema umepewa likizo na mwisho wa mwezi utakuwa nyumbani, Mama alinirudisha mpaka nikapakariri. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama bado nina mdomo. Hilo limeshajibiwa. La pili, kama ufito wako ni mzima, kwa kuwa likizo yote unataka kuimalizia mtoni, na kama ule uzi mwekundu ulioufunga kwenye ncha, baada ya mimi kuibana na mlango nilipokuwa mdogo, bado umeshika. Umeandika kwamba huko uliko, ukijilaza, ndicho unachokiwaza: ule ufito na yale maji. Nitakujibu, Kaka. Lakini usiruke mistari kutafuta jibu, nakujua. Habari ni kama mkate, huanzi kuula katikati.

Kwanza kazi. Mdogo wako amekuwa mtu. Ulipoondoka uliniacha nikifagia maranda na kuchemsha gundi, na mwalimu wetu wa hesabu alishatabiri kwamba nitafagia mpaka ndevu ziote mvi. Mpelekee salamu ukimwona. Karakana ni ile ile uliyofundishwa kazi: benchi refu chini ya dirisha, zile kalibu za chuma za kulazia vipande vya mwanzi wakati wa kupiga randa, harufu ya vanishi, na fito zimening'inia darini kama mvua iliyogoma kushuka. Fundi hajambo. Miwani yake imenenepa kidogo, yeye amekonda kidogo, kwa hiyo uzito ni ule ule. Binti yake ndiye anayekaa kaunta siku hizi, anauza ndoana, mishipi na nzi wa manyoya wa kuwahadaa samaki, na ana ulimi unaoweza kupasua mwanzi bila kisu. Siku yake ya kwanza aliniuliza kama mimi ni mfanyakazi au ni redio iliyosahauliwa wazi.

Unamkumbuka Bi Koleo, yule daktari wa meno aliyetung'oa meno sote wawili, wewe ukilia na mimi nikilia kwa niaba yako? Amestaafu. Mwaka jana aliugua, upande wa kulia ukalala. Sasa ameinuka, anatembea vizuri, lakini mkono wa kulia haupandi kupita bega na vidole vinachoka upesi. Na wewe unajua alivyokuwa. Kila Jumamosi mtoni, na wewe mwenyewe ulikuwa ukimbebea wavu. Basi asubuhi moja aliingia dukani na ufito wake mrefu, akaulaza kwenye kaunta, akamwambia Fundi amtafutie mtu mwenye mkono ampe. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Fundi aliutazama ule ufito, akamtazama yeye, akasema atamtengenezea mwingine wa kumfaa. Bi Koleo akajibu kwamba atajaribu mara moja tu. Ukishindikana hatabembelezwa tena kama mtoto. Atakaa nyumbani acheze karata na dada yake, na dada yake huyo hamvumilii.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia pasipo kubisha hodi. Nilisema kwamba ufito si tatizo, tatizo ni mjaribu, na mjaribu ni mimi. Fundi akanitazama juu ya miwani. Binti Fundi akasema mtu akijisifu kwamba ana bega pana, atwikwe. Basi nikatwikwa.

Fundi alitengeneza fito tatu mpya. Kila mmoja vipande viwili, shina na ncha, vyenye kuungana kwa kiungio cha shaba, na shaba yote ya bomba lile lile alilolitumia miaka yote. Mashina aliyaandika alama chini ya mpini, ncha hakuziandika, maana hajawahi kuziandika. Majina niliyatoa mimi. Wa kwanza nilimwita Msomi, kwa kuwa alikuwa mrefu, anameremeta, na hafanyi kazi. Wa pili Mlegevu; ukimtikisa analala kama mlevi begani kwa rafiki yake. Wa tatu nikamwita Mkaidi. Shina lake lilikuwa jepesi, zuri, limekaa mkononi kama limezaliwa nalo, lakini ncha yake ilikuwa ngumu kama mgongo wa askari. Kumpinda Mkaidi kulihitaji mkono wenye nguvu, na mkono wenye nguvu ndio hasa tuliokuwa hatuna.

Wateja wengi, kama unavyowajua, hutikisa ufito dukani mara mbili, wakakunja uso kama wanaonja mchuzi, wakasema huu ndio. Mimi sikutikisa. Nilichukua mkanda wa suruali nikajifunga mkono wa kulia ubavuni, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, ili nisiweze kuuinua zaidi ya anavyouinua Bi Koleo. Nilivua hivyo uani nyuma ya karakana siku nzima, nikilenga mfuniko wa ndoo nilioulaza kwenye nyasi. Suruali ikanishuka, maana mkanda ulikuwa na kazi nyingine. Binti Fundi alitokea dirishani akasema amewahi kuona watu wakivua samaki, ila mtu anayevuliwa nguo na ufito hajapata kumwona.

Na nilichukua kipimo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kujaribu kitu kipya bila cha zamani unachokijua ni porojo. Kwa hiyo niliutoa ufito wako uvunguni. Usishtuke, nilinawa mikono. Ule ule ulioutengeneza ukiwa mwanafunzi kwenye benchi hilo hilo, kwenye kalibu hizo hizo, ukapiga randa ncha huku ukiimba mpaka ikawa nyembamba kupita kiasi, Fundi akakugombeza akasema umeiharibu, uichukue uende nayo kwenu isije ikamwaibisha dukani. Kila nilipomjaribu mmoja wa wale watatu, nilijaribu na wako. Wako ulipeleka mshipi mpaka kwenye mfuniko kwa kugeuza kiganja tu, ila shina lake ni zito, na baada ya muda mkono unauma. Fundi alipita akaona, akakohoa. Nadhani aliukumbuka ule wimbo.

Kazi haikuwa fito peke yake. Mshipi nao una uzito wake, ukiuvisha ufito usiolingana nao ni kama kumvalisha mtoto buti la baba yake. Nilijaribu mitatu nikachagua ule wa katikati, unaoelea juu ya maji na wenye rangi ya majani makavu. Nilijaribu nyuzi nyembamba za mwishoni mwa mshipi, zile zisizoonekana majini, samaki asijue kuna mtu upande wa pili. Nilijaribu pia suruali za mpira zinazofika kifuani. Niliingia nazo kwenye pipa la maji ya mvua, moja baada ya nyingine, nikasimama humo ili nijue ipi inavuja. Moja ilivuja. Niliisubiri kwa uvumilivu mpaka maji yakafika kwenye kitovu ndipo nikaandika kwamba haifai. Bwana mmoja aliyekuja kununua ndoana aliuliza kama mimi naloekwa au nauzwa. Binti Fundi akamjibu kwamba kuuzwa ilishindikana.

Kuhusu nzi, usinifundishe. Niligeuza mawe ya mtoni nikaona vidudu vya kahawia vimegandana chini yake, nikarudi nikafunga nzi wa rangi ile ile kwa manyoya ya shingo ya jogoo, wadogo kama punje ya mchele. Fundi alisema mmoja wao anaweza kuruka. Hilo alilisema Fundi, sikulitunga mimi.

Kisha nikaenda mtoni na zote nne, za Fundi tatu na wako mmoja. Niliteremka pale chini ya daraja, ambapo maji yanapungua kasi baada ya jiwe kubwa. Niliendelea kujifunga mkanda, safari hii na kamba kiunoni ya kuheshimu suruali. Msomi alichosha bega kabla jua halijapanda. Mlegevu alinipiga sikioni kwa mshipi wake mwenyewe. Mkaidi akanikatalia kabisa. Mshipi ulidondoka mbele yangu kama tambi zilizomwagika. Trauti mmoja mkubwa alikuwa pale, nilimwona mgongo wenye madoa, akawa anakula vidudu halisi pembeni ya nzi wangu, bila hata aibu.

Nikazifungua zote, nikazilaza kwenye nyasi, mashina upande mmoja, ncha upande mwingine, nikakaa nile kipande cha mkate nifikiri. Upepo ukaja, Kaka. Si upepo wa kupepea, upepo wa kufukuza watu, na mvua nyuma yake kama deni. Ncha zikabingirika. Nikazikusanya kwapani na mashina yake nikakimbilia chini ya daraja, na mvua ilipokwisha nikaziunga upya. Ufito wako nikaufuta nikaurudisha kwenye mfuko wake wa kitambaa, usiendelee kulowa. Nikamshika Mkaidi kumpa nafasi ya mwisho, nikamwambia kwa heshima zote kwamba akiendelea na ujeuri atageuzwa kuwa kijiti cha kuanikia soksi.

Akasikia. Sijui nikuelezeje. Niligeuza kiganja tu, mkono umefungwa ubavuni, na mshipi ukatoka wenyewe ukanyooka juu ya maji, nzi akatua kama anayeogopa kumwamsha mtu. Yule yule trauti mwenye madoa akapanda akafungua mdomo. Nilipomtoa alikuwa na urefu wa mkono. Mkono wa mtoto mchanga, sawa, lakini mkono ni mkono. Nilirudi karakana nikiimba, nikamwambia Fundi kwamba Mkaidi alikuwa anahitaji kuongeleshwa. Fundi akasema huenda gundi ilikuwa haijatulia na sasa imekaa. Mimi nikashikilia kwamba ni maneno.

Jumamosi tukampeleka Bi Koleo. Fundi alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya maji, nami nikasimama karibu na Bi Koleo ndani ya suruali isiyovuja, kumshika kiwiko kama akiteleza. Mara ya kwanza alinasa kichaka. Mara ya pili alinasa kofia yangu. Nikaona ameanza kuitazama njia ya kurudia nyumbani, na nikajua kwamba kule mwisho wa njia kuna meza, na karata, na dada. Nikamsogelea. Nikamgeuza kiganja kidogo tu, nikakiachia. Mshipi ukatoka. Ukaenda, Kaka, ukaenda, ukajilaza nyuma ya lile jiwe kubwa, na trauti akaupokea kana kwamba walikuwa na miadi.

Hakupiga kelele. Alimleta taratibu, akapumzika, akamleta tena, vidole vimechoka lakini vimeshika. Nilipomtia wavuni alimtazama, akamlowesha kichwa, akanitaka nimwachie aende. Kisha akaniuliza, "Kijana, nilikung'oa meno mangapi?"

Nikamwambia matatu.

"Nakuomba radhi kwa yote matatu," akasema, na machozi yakamtoka, akasingizia jua. Jua lenyewe lilikuwa nyuma yake.

Tulirudi dukani tukamfungia ufito wake kwenye mfuko wa kitambaa, akaondoka nao ameukumbatia. Tangu siku ile Jumamosi zote yupo mtoni. Dada yake anacheza karata peke yake, na nasikia bado anaiba. Na mimi, Kaka, Fundi alinipigilia msumari ukutani juu ya benchi, akaning'iniza randa yake ndogo, ile yenye mpini uliolika, akasema ni yangu. Akaniletea na kigoda. Nimekaa upande wa dirisha, pale pale ulipokuwa ukikaa wewe. Mama alipoambiwa alikuja mwenyewe kukiona, akakibonyeza kile kigoda kama anayenunua godoro, akaondoka ameridhika. Ukiniuliza kama nina raha, ninayo. Naamka nikiwa na hamu ya kufika kazini, jambo ambalo shuleni hawakupata kulisikia kwangu.

Ila sasa ndipo tumefika katikati ya mkate.

Habari za Bi Koleo zilisambaa. Mzee mmoja wa posta mwenye bega bovu akaja akaagiza ufito kama ule, na mama mmoja mwenye baridi yabisi akaagiza wa pili. Fundi alikaa akatengeneza kwa vipimo vile vile vya Mkaidi, mwanzi ule ule, kalibu zile zile. Ukatoka mgumu. Akatengeneza mwingine. Mgumu. Wa tatu aliuinamia tangu asubuhi mpaka nikamwashia taa, akapima kila kipande mara mbili, akausugua, akauunga, akatoka uani akautupa mshipi mara moja tu. Alirudi akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Mkono ukianza kusahau," aliniambia, "hauagi."

Kesho yake alimwambia binti yake aulize kama yupo mtu wa kuzichukua kalibu. Binti Fundi, ambaye hajanitania tangu siku hiyo, aliniambia chini chini kwamba baba yake hali chakula vizuri, anakaa na ule ufito mgumu mapajani anaupapasa. Anaamini aliweza mara moja ya mwisho, kwa bahati, na sasa basi.

Jumapili nikatoa ufito wako uvunguni niupake nta, uukute unang'aa. Nikauunga, nikautikisa. Ulikuwa mgumu kama mgongo wa askari. Nikaitazama ncha, uzi wake wote mweusi. Ndipo nikaelewa upepo ule ulifanya nini kule mtoni. Ncha ya Mkaidi ipo hapa, kwenye shina lako. Ncha yako wewe, ile uliyoipiga randa ukiimba, ile aliyosema umeiharibu, ipo kwa Bi Koleo. Ndiyo inayomvulia. Mkaidi hakupata adabu yoyote, Kaka. Alivalishwa kichwa cha mtu mwingine.

Ndilo jibu la swali lako. Nusu ya ufito wako ni nzima na ipo uvunguni. Nusu nyingine ni nzima kuliko ilivyowahi kuwa, ila haipo kwetu.

Ncha ni yako, na neno ni lako. Ukisema niidai, nitakwenda kwa Bi Koleo kwa miguu yangu nimwambie ukweli niirudishe, na nitasimama pale anitazame. Sitamtuma mtu. Lakini kama moyo wako ni ule ninaoujua, nakuomba jambo lingine. Fundi hawezi kuitengeneza ncha ile kwa sababu hakuitengeneza yeye. Mkono wake haujasahau kitu, haukuwahi kujua. Anayejua ni wewe, ulipiga randa mara ngapi, ulikandamiza wapi, na ulikuwa unaimba nini. Njoo na likizo yako, na wimbo wako, ukae kwenye kigoda changu, nitafagia mimi, tutengeneze ncha kwa ajili ya yule mzee wa posta na yule mama, na moja kwa ajili yako. Mtoni tutakwenda jioni, wewe na mimi, na kama una huruma utaniacha nikuazime suruali ile inayovuja.

Fundi nitamwambia kesho asubuhi, kabla hajafungua madirisha. Nimekuandikia wewe kwanza kwa kuwa kitu ni chako. Akiichukua randa yake, ni haki yake, msumari utabaki.

Mama anakusalimu sana, anasema ulete nguo zako chafu zote wala usione haya. Binti Fundi anakusalimu ingawa hakujui, anasema angependa kumwona mtu aliyeishi nami nyumba moja akatoka na akili timamu. Bi Koleo anakuulizia kila Jumamosi, yule kijana wa wavu, kama bado anasugua meno ya nyuma. Wasalimie wote unaofanya nao kazi, na uvae miwani.

Hapa nilishaandika jina langu, nikalifuta. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye ukurasa huu huu. Nimekuambia niligundua Jumapili. Sivyo. Niligundua siku ile ile, dukani, wakati wa kuufungia ufito mfukoni. Fundi alikuwa ametoka kupigilia ule msumari, bado ameshika nyundo, akanyoosha mkono autazame ufito mara ya mwisho kabla haujaenda, na Bi Koleo alikuwa anacheka mlangoni, na Binti Fundi kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama kama mtu. Uliuliza kama ule uzi mwekundu bado umeshika. Umeshika, Kaka. Niliuhisi vizuri kabisa, maana niliufunika kwa kidole gumba mpaka Fundi alipomaliza kutazama.

Mdogo wako,

Kidomo